Kurasa Kumi na Mbili za Amani

Kumb. Na. UKOO/KIJITABU/80/Folio 23

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wapiga Chapa.

Ndugu Mwenyekiti,

KUHUSU: KARATASI INAYOWEKA UKURASA WA KUMI NA SITA KANDO YA UKURASA WA KWANZA, NA FITINA INAYOTOKANA NAYO

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya na mwenye akili timamu. Fundi wa duka la chapa la mtaani kwetu, ambaye ni mwanachama wako, huenda akakueleza vinginevyo. Nakuomba usimsikilize kabla hujamaliza kunisoma.

Mimi ni karani mstaafu. Nimefanya kazi masjala miaka thelathini na mmoja. Masjala, kama hujawahi kuingia, ndiko mafaili ya ofisi yanakotunzwa. Kila karatasi inayoingia kwenye faili hupewa namba yake, nasi huiita folio, na folio ya pili hukaa baada ya folio ya kwanza mpaka jengo lianguke. Katika miaka yote hiyo sikupoteza karatasi, sikuruka namba, na sikukunja hati ya mtu hata mara moja. Hati iliyokunjwa ilikuwa haipokelewi dirishani kwangu, hata iletwe na mkurugenzi. Majirani huniita Bi Masjala, nami huitika.

Mama yetu mzazi anatimiza miaka themanini Jumamosi ijayo. Tulipomuuliza anataka zawadi gani alisema hataki nguo, hataki saa, hataki kiti kipya. Anataka kuwaona wanawe wote wameketi chumba kimoja, na asiwepo wa kunyanyuka kuondoka kabla chai haijanywewa. Hakutaja jina la mtu, lakini sote tulijua anawasema wawili: kaka yangu Seremala, ambaye ndiye mkubwa wetu, na dada yangu Mshonaji, anayemfuata.

Hawa wawili hawajasemezana miaka tisa. Chanzo ni ngazi. Kaka aliitengeneza kwa mkono wake. Dada akaiazima kwenda kutundika kibao cha duka lake la kushona. Kaka anasema ngazi haikurudi. Dada anasema aliirudisha na kuiegemeza ukutani kwa Kaka mwenyewe, mchana kweupe. Mimi mambo ya ngazi siyaingilii. Nakumbuka tu kwamba ni ngazi nzuri, ya vipandio kumi na kimoja, cha tano kina rangi ya kijani kwa kuwa kilitokana na mlango wa zamani, na haiyumbi hata ukiipanda umebeba mzigo.

Kwa ajili ya siku hiyo ya Mama nilibuni kijitabu cha familia. Kila tawi lipate ukurasa wake, picha na maneno machache, na nakala zigawiwe wageni wote. Kaka alikubali kuja iwapo ukurasa wake hautakaribiana na wa Dada. Dada alikubali kwa sharti hilohilo, ila yeye alilisema kwa sauti ya juu zaidi. Basi ukurasa wa 1 nikamweka Mama, wa 2 Kaka, wa 15 Dada, na wa 16, ambao ni mgongo wa kitabu, nikaweka shukrani. Kati ya Kaka na Dada zikabaki kurasa kumi na mbili za watu wapole wasio na ugomvi na mtu. Usiku huo nililala fofofo.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, naomba uketi vizuri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine ya mwanachama wako haijui kuhesabu. Nilimpelekea Fundi kurasa zangu kwenye fleshi, zimepangwa moja, mbili, tatu, mpaka kumi na sita. Kwenye kioo cha kompyuta yake, katika hiyo programu ya kupangia kurasa, zilionekana moja, mbili, tatu, nami nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Akabofya mahali palipoandikwa kijitabu, printa ikakohoa, na karatasi ya kwanza ikatoka ina ukurasa wa 16 kushoto na wa 1 kulia. Nikadhani ni bahati mbaya. Ya pili ikatoka na 14 kando ya 3. Ya tatu 12 na 5. Nikamwambia azime umeme kabla haijafika mbali zaidi, lakini ilikuwa imeshafika. Masjala kwetu mtu aliyepanga faili namna hiyo alikuwa anapelekwa likizo akapumzike, na alikuwa harudi.

2. Chama chako kinaruhusu namba nne kutawala familia za watu. Awali kijitabu changu kilikuwa na kurasa kumi na nne. Fundi alisema haiwezekani, kwa kuwa karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo ni kumi na mbili au ni kumi na sita. Nilimweleza kwamba familia yetu haizaliani kwa nne nne. Akasema pole. Nikalazimika kutafuta kurasa mbili za kujazia, na hivi sasa shemeji yetu mpya, aliyeoa kwetu miezi minne tu iliyopita na ambaye bado anakosea njia ya kwenda jikoni, ana ukurasa mzima peke yake, yeye na baiskeli yake. Ukurasa mwingine nimeuchora mistari mitupu na kuandika juu yake "Maoni ya Wageni". Ninazijua familia za wageni wetu, na maoni yao siyahitaji.

3. Mwanachama wako amemsimamisha kaka yangu kwa kichwa. Karatasi zetu zinachapwa pande mbili, na inaonekana kuna namna mbili za kuigeuza karatasi ndani ya mashine: kwa ubavu wake mrefu au kwa ubavu wake mfupi. Fundi alichagua ubavu mrefu. Nilipoipindua karatasi ya kwanza, upande wa nyuma wote ulikuwa miguu juu. Hilo peke yake ningelisamehe, maana Fundi alikuwa bado hajanywa chai. Lakini kwa kuwa upande mzima ulizunguka, waliokuwa juu yake walibadilishana nafasi. Nyuma ya Mama, mahali nilipompa Kaka, alikuwa amekaa Dada, kichwa chini, huku amevaa ile nguo yake ya sherehe na akitabasamu. Mtu aliyenyimwa ngazi miaka tisa, afungue kitabu cha mama yake akute aliyemnyima amekalia pia ukurasa wake. Fundi alibofya mahali pengine, akachagua ubavu mfupi, akachapa upya, watu wote wakasimama wima. Naomba hata hivyo lalamiko hili lisifutwe, kwa kuwa nilishalipatia namba.

4. Hili ndilo lililonifanya nikae kuandika. Watu walipokwisha kusimama wima, niliitazama vizuri ile karatasi ya kwanza upande wa nyuma. Kushoto ukurasa wa 2. Kulia ukurasa wa 15. Kaka na Dada, Ndugu Mwenyekiti, wamekaa bega kwa bega kwenye karatasi moja, na kati yao hapana hata nafasi ya kupitisha kidole. Kurasa zangu kumi na mbili za watu wapole hazikuwepo. Zilikuwa kwenye karatasi nyingine, zimekaa kimya.

Nilimuuliza Fundi ni nani aliyemlipa. Akacheka, kisha akasema: "Bi Masjala, kijitabu ndivyo kilivyo. Ukiwatenganisha sana ndipo wanapokuwa jirani."

Sikukata tamaa. Nilimsogeza Kaka ukurasa wa 3. Sasa mimi ni mtu wa haki. Siwezi kumsogeza Kaka hatua moja kutoka mwanzo wa kitabu bila kumsogeza Dada hatua moja kutoka mwisho wake, maana Dada atahesabu, na Kaka atahesabu kama Dada amehesabu. Nikampa Dada ukurasa wa 14. Tukachapa. Wakatoka pamoja. Nikawapa 4 na 13. Pamoja. Nikawapa 5 na 12, kisha 6 na 11, na kila mara mashine iliwatoa wameshikana kama maharusi. Ningewapa 7 na 10, lakini wa 10 ni wangu mwenyewe, na picha yangu imekaa vizuri pale: nimesimama nyumbani mbele ya rafu zangu za mafaili ya zamani, zilizojaa mpaka darini. Nisingeihamisha picha hiyo kwa ajili ya ugomvi wa watu wengine.

Fundi alinishauri nimhamishe mmoja tu, mwingine abaki alipo, na tatizo litakwisha papo hapo. Sikuamini masikio yangu. Ndivyo vita vinavyoanza, watu wazima wanashauriwa na mafundi kumpendelea mmoja. Nilimrudisha Kaka kwenye 2 na Dada kwenye 15, pale walipopangiwa kwa haki, nikamwambia Fundi kwamba tutakutana kwa mwenyekiti wake.

5. Mwanachama wako ananishawishi nikunje hati. Amenieleza, si chini ya mara saba, kwamba nikizipanga zile karatasi nne moja juu ya nyingine, nikazikunja katikati na kuzipiga pini, kurasa zitafuatana zenyewe na Kaka atakuwa mbali na Dada kama nilivyotaka. Siku moja alinipa karatasi nyeupe nikajaribu. Nilimrudishia ikiwa imenyooka kama alivyonipa. Sijakunja hati miaka thelathini na mmoja na sitaanza sasa kwa kushawishiwa na kijana anayeweka penseli sikioni. Halafu kuna suala la saini. Hakuna kinachochapwa nakala mia moja kabla wahusika hawajakiona na kutia saini kwenye nakala halisi, na nakala halisi ni ile iliyonyooka. Kwa hiyo Kaka lazima atie saini kwenye ukurasa wa 2, na akiinama kutia saini atamwona nani? Dada naye akiinama?

Nimechukua tahadhari zote. Kesho Kaka atafika dukani kwa Fundi saa tatu asubuhi, na Dada saa nne. Kila mmoja nitamfunikia ukurasa wa mwenzake kwa bahasha. Lakini roho haijatulia. Kaka akiona, hatakuja Jumamosi. Dada akiona, atakuja, na hiyo ni hatari zaidi. Na Mama atakaa kwenye kiti chake akitazama mlango, kama alivyoutazama mwaka jana, na mwaka juzi, mpaka chai ipoe. Mwenyekiti, mimi nacheka na watu, lakini siwezi tena kumwona akitazama mlango namna ile.

Kutokana na hayo, naomba chama chako kichukue hatua zifuatazo bila kuchelewa:

(a) Kurasa zote, katika vitabu vyote, zitoke kwenye mashine kwa kufuatana namba, kama watoto wa shule wanavyotoka darasani.

(b) Ikiwa (a) itashindikana, basi programu ya kupangia kurasa ifundishwe undugu. Kabla ya kuwaweka watu wawili kwenye karatasi moja, iulize kwanza kama wanasalimiana.

(c) Ikiwa (b) nayo ni ngumu, chama kipige marufuku kukunja. Nimechunguza nikaona mabaya yote haya yanaanzia kwenye mkunjo. Karatasi isiyokunjwa haina wa kwanza na wa mwisho wanaokutana.

(d) Na ikiwa hata (c) haitawezekana, naomba chama kifikirie upya, kwa moyo mweupe, haja ya karatasi kuwa na upande wa pili. Nimeishi na kufanya kazi na karatasi maisha yangu yote. Upande wa kwanza haujawahi kunisumbua.

Fundi mwenyewe sitaki afukuzwe. Ana adabu, hunivutia kiti, na chai yake si mbaya. Namtaka tu aandike barua ya kukiri kwamba kumi na sita haiji kabla ya mbili, nakala moja kwangu, nyingine faili.

Nisalimie wanachama wako wote, wakataji wa karatasi, wapiga pini na wachanganya wino. Nisalimie familia yako, na kama kuna wawili ndani yake wasiosemezana nakuombea usije ukawachapia kitabu. Mama anakusalimu pia, ingawa hakujui; huwa anamsalimu kila ninayemwandikia barua.

Mimi niliyenyooka kama hati zangu,

Bi Masjala,
Karani Mstaafu na Katibu wa Familia.

Tanbihi (Folio 24, imeandikwa kesho yake, saa saba mchana):

Barua hii ilikuwa imeshatiwa kwenye bahasha. Nimeifungua mwenyewe ili kuongeza yafuatayo.

Kaka alipaswa kufika saa tatu. Kaka huchelewa. Dada alipaswa kufika saa nne. Dada huwahi. Wakaingia dukani kwa Fundi mlango mmoja, dakika moja, mimi nikiwa bado nakata bahasha ya kufunikia. Zile karatasi nne zilikuwa zimetandazwa mezani. Hapakuwa na wa kumsalimia mwenzake. Kila mmoja akatafuta pa kuweka macho yake ili yasimwangukie mwingine, na macho ya wote wawili yakatua kwenye karatasi ya nne, ukurasa wa 10, nilipo mimi na rafu zangu.

Kisha Kaka akasema, akiwa bado anaitazama picha: "Hiyo si ngazi yangu?"

Na Dada akamjibu: "Ndiyo yenyewe. Tazama kipandio cha tano."

Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza kwa miaka tisa, na nasikitika kukujulisha kwamba hawajanyamaza tangu hapo.

Naomba ieleweke kwamba sikuiiba ngazi ile. Siku hiyo nilipita kwa Kaka, sikumkuta, nikaiona imeegemezwa ukutani, nami rafu zangu za juu nilikuwa sizifikii. Nilijaza hati ya kuazima kama utaratibu unavyotaka, nikaandika tarehe, nikatia saini, nikaiweka kwenye faili. Kosa dogo lililotokea ni kwamba faili lilikuwa langu. Baadaye ngazi ikazoeleka pale nyumbani, na watu walipogombana juu ya ngazi mimi nilidhani ni nyingine. Hati ninayo. Ni Folio 3, na haijakunjwa.

Kaka na Dada wamepitisha uamuzi wao wa kwanza wa pamoja, nao ni juu yangu. Nimeondolewa ukurasa wa 10 na kupelekwa wa 16, mgongoni mwa kitabu, mahali ambapo wageni huweka vikombe. Shukrani zimechukua nafasi yangu. Wao wenyewe wameomba ukurasa wa 8 na wa 9, katikati kabisa, ambapo kitabu hujifungua chenyewe na pini zote mbili hupita kati yao. Shemeji mpya, aliyekuwa wa 8, amepandishwa mpaka wa 2. Hajaelezwa sababu na anatembea kifua mbele. Shangazi, aliyekuwa wa 9, amekwenda wa 15 bila kulalamika.

Fundi alichapa upya. Dada akazipanga karatasi kwa vile vidole vyake vya kushonea, Kaka akazikunja na kuukandamiza mkunjo kwa rula yake ya useremala, na mimi nikasimama kando nikahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na sita. Hakuna folio iliyoruka. Kwa hiyo lalamiko la 1 nalifuta. La 2 nalifuta, maana shemeji amefurahi mno. La 3 lilishajifuta. La 4 halina wahusika tena: muda huu ninaoandika wanapita nje ya dirisha langu wakiirudisha ngazi, Kaka kashika mbele, Dada kashika nyuma, na wanabishana njia ya kupita. La 5, nimekunja. Barua hii uliyoishika ndiyo hati yangu ya kwanza kukunja, utaniwia radhi kama mkunjo umekwenda upande.

Kuhusu adhabu yangu, nilitaka kukata rufaa. Nikamwambia Fundi kwamba kuwekwa ukurasa wa mwisho ni kutupwa mbali na Mama kuliko mtu yeyote katika kitabu kizima. Alitoa tu karatasi ya kwanza ya nakala nyingine, kabla haijakunjwa, akaitandaza mbele yangu mezani. Kushoto ukurasa wa 16, mimi na mafaili yangu. Kulia ukurasa wa 1, Mama.

Tafadhali hiyo mashine isiguswe. Nimemwomba Fundi nakala moja asiikunje.